Waliohamishiwa Zizini

Tarehe 4 Juni

Mpwa wangu,

Usishtuke kuona barua. Sijafa wala sijapotelewa na akili. Daktari wa mifupa ameniwekea nyongani vyuma ambavyo wewe, fundi, ungeviangalia na kumsahihisha, na amenikataza safari mpaka mwaka uishe. Niko kwa binamu yako, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Utauliza kwa nini sipigi simu. Nimejaribu. Kwa masikio haya yangu, simu hunifanya nipaze sauti kama mtu anayenadi mbuzi, na humu ndani kuna mtoto mchanga. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani. Barua haihitaji kurudiwa mara tatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili ya mwisho ya Agosti, kanisa la kule nyumbani litafanya ibada ya kumkumbuka mama yangu, yaani bibi yako aliyekulea baada ya dada yangu kufariki. Wanataka mtu wa familia asimame aeleze maisha yake. Ilikuwa niwe mimi, lakini nyonga imeamua vingine. Nimewaandikia kwamba utasimama wewe.

Najua hupendi kusemewa kabla ya kuulizwa. Ila sikiliza hatari iliyopo. Usipokwenda, atakayesoma ni Katibu wa kanisa, na Katibu ameshaandika. Amenitumia nakala. Ndani yake mama yangu ni "mama mpole, mnyenyekevu, asiyemkwaza mtu." Mpole! Nilicheka mpaka mishono ikaniuma.

Wewe ulilala chumba cha pili utoto wako wote, kwa hiyo unajua. Lakini nikueleze kana kwamba hujui, maana ndivyo nilivyozoea darasani. Kabla jua halijachomoza alipiga magoti kando ya kitanda, dirisha la upande wa njia likiwa wazi, akamwombea kila mtu kwa kosa lake, kwa sauti kamili. Hakuwa akisengenya. Alikuwa akipeleka shauri kwa mwenye uwezo. "Bwana, mwangalie mwenye mashine ya kusaga. Ule unga unaobaki ndani ya mashine yake kila siku ni wa wajane." "Bwana, mkumbuke seremala, ameahidi milango mingi kuliko nyumba zilizopo." Watu waliokwenda shambani walipita pale dirishani wakisikia. Wengine waliamua kuzunguka njia ya juu, naye hakuwasahau: "Na hawa waliopita juu leo, Bwana, wewe unajua kwa nini."

Alikuwa hajui kusoma, na wachungaji watano waliopita pale walimwogopa kuliko askofu wao. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kuzikwa mara ya pili chini ya neno "mpole." Nenda ukamsimamie.

Mjomba wako,
Mwalimu


Tarehe 19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika karakana, imepita mikono mitatu yenye grisi kabla ya kunifikia, na bado imesomeka. Pole sana na nyonga. Usikae kwenye kiti laini, ukae kwenye kigumu chenye mgongo.

Kuhusu Agosti, samahani. Tumepata kazi ya kuunda matangi ya maji ya shule, na mwenye karakana hatoi ruhusa kwa mtu yeyote. Isitoshe, mimi si msemaji. Nikivaa kofia ya kuchomelea, kile kioo cheusi kikanifunika uso, ndipo najiona niko sawa. Nguo ya kuvaa mbele za watu pia sina. Na safari yenyewe ni ndefu.

Mwache Katibu asome. Neno zuri halijawahi kumdhuru mtu aliyekwisha kufa. Nitatuma mchango wangu wa chai.

Mpwa wako,
Fundi


Tarehe 28 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Nimekaa kwenye kiti kigumu kama ulivyoagiza na nimesahihisha barua yako. Umepata alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za mwandiko.

Nikueleze kosa liko wapi. Mtu mwenye udhuru wa kweli huwa nao mmoja. Wewe umenipa matangi, mwenye karakana, ulimi mzito, nguo na urefu wa safari. Nimesikiliza watoto waliochelewa shule tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mtoto aliyechelewa kwa sababu ya mafuriko husema mafuriko, basi, anakaa. Anayetaja mafuriko, kiatu na mbwa wa jirani, huyo alilala.

Halafu kuna jambo jingine. Umemtaja mwenye karakana, umemtaja Katibu, umetaja hata chai. Bibi yako hukumtaja hata mara moja. Ndipo nikaanza kukumbuka. Tangu ile ziara yako ya kwanza ukiwa fundi hujalala tena katika nyumba ile. Ulikuwa unakuja asubuhi na kuondoka na basi la alasiri, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Siku ya mazishi ulisimama nyuma kabisa, karibu na lango. Nilidhani ni kazi. Sasa sidhani.

Sikulazimishi. Nataka tu ujue unayemkataa. Unajua kwamba mwenye mashine aliwahi kuja kulalamika? Hukuwa umezaliwa. Alikuja alfajiri na hasira zake, akasimama dirishani akamkuta mama amepiga magoti. Akasema, "Mama, umenichafua mbele ya kijiji kizima!" Mama hakufumbua hata macho. Akasema, "Bwana, afadhali amefika mwenyewe. Mwambie sasa." Akanyamaza, kumpisha Mungu aseme. Yule mtu alisimama pale, mimi nikimchungulia, mpaka ukimya ukamshinda, akageuka akaenda zake. Jioni ya siku hiyo wajane walipelekewa unga.

Huyo ndiye mama yangu. Kama kuna kitu kati yako na yeye, kiseme. Mimi ni mzee, sishtuki ovyo.

Mjomba wako,
Mwalimu


Tarehe 11 Julai

Mjomba, shikamoo.

Haya. Umeyataka mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo nilitajwa kila asubuhi. "Bwana, mjukuu wangu ulimi wake unatangulia akili yake." "Bwana, sahani iliyovunjika ameifukia chini ya majivu, anadhani majivu hayasemi." Nilikuwa navuta shuka mpaka kichwani kwa aibu, maana najua wanaopita njiani wanasikia. Nilichukia. Lakini nikwambie kitu: sikuwahi kuamka nikiwa na shaka kama nina mtu. Mtu huyo alikuwa chumba cha pili akinigombania na Mungu.

Kisha kanisa likanipatia nafasi ya chuo cha ualimu, nami nikaiacha nikaenda kujifunza kuchomelea. Hapo ndipo alipowaka. Barua zako za wakati ule zilinieleza: kila siku, "Bwana, mjukuu wangu amekimbilia moto, mtoe." Sikukasirika. Nilijua ndivyo atakavyosema.

Nilipofaulu jaribio la ufundi nikarudi nyumbani mara ya kwanza. Nililala kwenye kitanda changu cha zamani, na alfajiri nikaamka kabla yake, nikasikiliza. Nilitaka kusikia atasema nini. Akamwombea seremala. Akamwombea Katibu. Akakuombea hata wewe na maelezo yako marefu, nisamehe. Mimi hakunitaja. Nikangoja. Akasema amina, akachukua ndoo yake, akatoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Mjomba, kwa mtu mwingine hilo si kitu. Lakini mwanamke yule aliwaombea hata waliomkwepa! Kama alikuwa na nafasi ya watu wa njia ya juu na mimi hakuwa na nafasi yangu, maana yake ni moja. Amenifuta. Niliondoka na basi la kwanza, na sikulala tena mle ndani. Aliniuliza mara moja tu, "Hulali?" Nikasema kazi imenibana.

Najivunia kuwa wake, hilo nalikubali. Nikichomelea chuma kikanyooka husema moyoni, huyu ni mjukuu wa yule bibi. Ila nisimame mbele ya watu nisimulie maisha ya mtu aliyeniondoa katika maisha yake? Nitaanzia wapi? Hilo ndilo tatizo, mjomba. Mengine yote yalikuwa mbwa wa jirani.

Mpwa wako,
Fundi


Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka binamu yako akaingia kuuliza kama nyonga imezidi. Nikamwambia hapana, ni kitu kingine, na dawa yake ninayo.

Ulisikia nusu ya sala.

Tulia, nikueleze taratibu. Ile amina uliyoisikia ilikuwa amina ya nyumbani. Sala haikuwa imekwisha. Alichukua ndoo akaenda zizini, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na huku anakamua akaendelea. Kwa sauti ya chini, kiasi cha ng'ombe tu kusikia. Na kule hakuomba. Kule alishukuru. Waliokuwa wamekosea aliwasemea ndani, dirisha wazi. Waliokuwa wamenyooka aliwapeleka zizini.

Mimi nalijua hilo kwa sababu tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kumshika ndama. Wewe kazi yako ilikuwa kuwasha jiko, kwa hiyo alipokuwa zizini ulikuwa unapuliza kuni jikoni. Sikuwahi kufikiri kwamba hujui. Nilidhani kila aliyekulia katika nyumba ile anajua kwamba sala ilikuwa na vyumba viwili.

Nilimuuliza, nikiwa mdogo, kwa nini sifa asiziseme ndani watu wakasikia wakafurahi. Akasema, "Mtu akisikia anasifiwa, anakaa chini. Kosa lake alisikie mwenyewe. Sifa yake nitampelekea Mungu." Nilipokuwa mwalimu nikambishia. Nikamweleza, kwa kirefu, kwamba mtoto asiyesifiwa hunyauka. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Wewe umenyauka?" Leo, baada ya barua yako, ningekuwa na jibu. Katika hili nadhani mama yangu alikosea, na ninaweza kulisema huku nikimwonea fahari vile vile.

Sasa habari yako. Nilipostaafu nikarudi kuishi pale, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, nikawa namshikia taa wakati wa kukamua. Wewe ulihamishwa zizini wiki ile ile zilipofika habari kwamba umefaulu. Hukurudi ndani tena. Mimi niliingia na kutoka, niliingia na kutoka, kwa sababu ya maelezo marefu. Wewe ulikaa zizini moja kwa moja mpaka alipofariki. Miongoni mwa waliohamishwa, sijui mwingine aliyefanya hivyo.

Maneno yake nayakumbuka kwa sababu hayakubadilika sana. Alisema: "Bwana, asante kwa mjukuu wangu wa moto. Nilikuomba umtoe motoni, ukanikatalia, na wewe ndiwe uliyekuwa na haki. Ulinde macho yake." Fikiri mwenyewe, mpwa wangu. Sikumsikia mama yangu akimwambia mtu yeyote duniani "ulikuwa na haki." Alimwambia Mungu, na ilikuwa kwa ajili yako.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo nimefikiri kama nikwambie. Miaka ya mwisho aliongeza: "Siku hizi anakuja mchana na kuondoka kama mgeni. Sijui nimemkosea nini. Ila sitalisema ndani, Bwana, asije akasikia akadhani namlaumu."

Basi. Pumzika kidogo kabla ya kujibu.

Mjomba wako,
Mwalimu


Tarehe 2 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua niliisoma karakana. Nilipofika pale kwenye moto nikavaa kofia nikashusha kioo. Mwenzangu akaniuliza, "Fundi, unachomelea nini, mbona mashine imezimwa?" Nikamwambia aniache kwanza.

Nimeomba ruhusa. Mwenye karakana amesema, "Nenda. Kwani nani alikukataza?"

Nitakwenda, na nitalala mle ndani.

Lakini nina maswali. Nataka kuwaeleza watu habari za zizini. Je, si kumvunjia siri yake? Yeye alizificha zile sifa makusudi. Na wale aliowaombea wengi wako hai, watakuwa wamekaa mbele yangu. Nikitaja makosa wanaweza kuinuka wakatoka. Halafu Katibu na karatasi yake, amekwisha kumwambia kila mtu kwamba atasoma yeye. Niambie nani walihamishwa na bibi alisema nini juu yao. Nisije nikasema nisilolijua.

Mpwa wako,
Fundi


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Waambie. Alificha sifa ili watu wasikae chini. Hao unaowazungumzia sasa wana magongo na miwani, hata wakikaa chini hakuna kazi itakayosimama. Kwa hiyo hoja yake imekwisha muda wake, na mimi mwanawe nakupa ruhusa. Kama kuna lawama, nitakutana nayo mimi kwanza, umri wenyewe unaonyesha.

Mwenye mashine alihamishwa mwaka ule wa ukame, aliposaga bila kudai chochote mpaka mvua ziliporudi. Mama alisema, "Bwana, asante kwa mwenye mashine, mwaka huu amesaga na moyo wake." Seremala alikwenda polepole, lakini alikwenda. Siku alipomaliza milango yote ya zahanati mama alisema, "Bwana, asante, nimeishika kwa mkono wangu, inafunga." Mkunga alikuwa zizini tangu mwanzo, sikumbuki akiombewa ndani hata siku moja.

Katibu mwache. Katibu alikuwa bado ndani ya nyumba. Funguo za kanisa anazo yeye peke yake, haachii mtu, na kila Jumapili huchelewa, wazee wanasimama juani. Mama alimtaja kila asubuhi, pamoja na ile ya mwisho kabla hajapoteza fahamu. Usimseme mbele ya watu, ana mke na wajukuu. Lakini akikuuliza, usimdanganye. Damu ile ile imo ndani yako, uongo utakukaa vibaya.

Mwisho, sema kwa ufupi. Hilo ni jambo ambalo mimi nisingeliweza, na ndiyo maana nafikiri Mungu aliichagua nyonga.

Mjomba wako,
Mwalimu


Tarehe 3 Septemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya bibi, chini ya dirisha la njiani. Leo ni siku ya nne nalala hapa.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Katibu alikaa mstari wa mbele, karatasi iko magotini, endapo nitashindwa. Nikasema, "Bibi yangu hakuwa mpole." Nikaona mchungaji anatazama saa. Kisha mkunga, pale mbele, akapiga kiti chake kofi akasema, "Haya, sema!" Kanisa likaangua kicheko, na kuanzia hapo hakuna kilichonizuia.

Nilianza na mimi mwenyewe na sahani ya majivuni. Nikaenda kwa seremala na milango yake. Seremala akapaza sauti kutoka nyuma, "Ni kweli, na alikuwa hajataja madirisha!" Hakuna aliyetoka, mjomba. Walianza kushindana. Mtu anasimama anasema, mimi alinisemea ulevi. Mwingine, mimi alinisemea mpaka wa shamba. Wameyabeba makosa hayo miaka yote hii, na waliyatoa kama watu wanaoonyesha nishani zao. Mchungaji akaacha kutazama saa.

Kisha nikawaeleza habari za zizini. Nilisema tu ulivyonieleza, sikuongeza. Mwenye mashine akainuka. Haoni vizuri sasa, wakamshika mkono.

"Mimi pia? Kule kwa ng'ombe?"

"Wewe pia, babu."

"Alisema nini?"

Nikamwambia yale maneno. Akavua kofia yake akaishika kifuani, hakukaa tena mpaka ibada ikaisha. Nami nilikuwa nimesimama mbele yake, mjomba, kichwa kiko juu, nikajua wazi kabisa mimi ni wa nani. Nikamaliza kwa kusema alichosema juu yangu. Sauti haikukatika. Nilisema hata ile ya "ulikuwa na haki," na mkunga akasema, "Huyo ndiye!"

Katibu hakusoma karatasi yake. Watu walipotoka alibaki, akazunguka kanisa akifunga madirisha, taratibu, moja moja. Nilijua ananingoja. Nikangoja na mimi. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Umetaja wengi leo."

"Ndiyo, baba."

"Mimi hukunitaja."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa wapi?"

Nilifikiria mke wake na wajukuu, lakini tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Ulikuwa bado ndani ya nyumba."

Akakaa kwenye ngazi. Nilidhani nimemuumiza, nikakaa karibu naye. Akaniuliza kama ni habari ya funguo. Nikasema ni ya funguo.

"Mpaka lini?"

"Mjomba anasema mpaka asubuhi ya mwisho."

Aliangalia watu wanavyoteremka kwenda kwenye chai. Nilipomgeukia alikuwa anatabasamu, macho yamelowa.

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Kumbe hakunikatia tamaa," akasema.

Mpwa wako,
Fundi